Kidole cha Fundi

Nimezaa, nimelea, nimefukuza wezi kwa mchi, lakini kushindwa na kimashine cha ukubwa wa sahani? Lo, hilo sikulitegemea.

Mjukuu wangu alifungwa kwa wizi. Sikatai, mkono wake ulikuwa mwepesi. Alipotolewa amalizie kifungo nje, akawa anaripoti kila mwezi kwa afisa wa uangalizi, mzee mmoja mwenye kitambi na maneno mengi. Huyo ndiye aliyemtafutia kazi ya ujenzi. Leo kijana anapiga plasta, na mtaa mzima unamwita Fundi. Nampenda yule mzee, na watu waseme watakavyo.

Basi wakubwa wakaja na mageuzi yao. Ofisi ikapakwa rangi, ikapewa jina jipya refu, afisa wangu akawekwa nyuma ya kioo. Kuripoti sasa ni kwa kuweka kidole kwenye kimashine. Ukikosa mara mbili, unarudi gerezani.

Mwezi uliopita mashine ilimkataa. Juzi nikamsindikiza mwenyewe. Akaweka kidole, mashine ikaandika: Hayupo. Akakifuta kwenye suruali, akaweka tena. Hayupo. Saruji imemlamba alama zote za vidole.

"Hayupo vipi, na huyu hapa anatokwa jasho?" nikafoka. "Alipokuwa mwizi mlimtambua upesi! Amekuwa fundi, hamumjui?"

"Mama, hata mimi namwona," afisa akasema kwa upole. "Lakini humu ndani neno langu si kitu tena. Inasikilizwa mashine."

Fundi alikuwa anaitazama mikono yake tu. Roho iliniuma, jamani.

Afisa akajikuna kichwa. Mara akavaa koti.

"Ziara za nyumbani wamesahau kuzigusa kwenye mageuzi yao," akasema. "Huko macho yangu bado yanatosha. Twendeni."

Tukatoka watatu, tukitaniana njia nzima. Kufika kwangu nikafungua mlango, nikamwambia apite. Akagoma.

"Aa, mama. Taratibu ni taratibu. Tangulieni nyinyi, mfunge."

Tukaingia, tukafunga. Fundi akakaa kitini, kajikausha kama anapigwa picha. Mzee akabisha, sauti nzito ya kiserikali:

"Hodi! Mjukuu wako yupo?"

Nilitaka kumjibu kwa mzaha. Machozi yakaniwahi.

"Yupo," nikasema. "Yupo, baba. Karibu umwone."