Sufuria ya Saa Nne

Karakana ile ya masofa ilikuwa na watu wanne na sufuria moja. Kulikuwa na Msimamizi, aliyepokea wateja na kuwaahidi siku ambazo hata yeye mwenyewe hakuziamini. Kulikuwa na seremala wa fremu, aliyebandikwa jina la Bwana Harusi kwa sababu alikuwa ameoa juzijuzi na bado alikuwa akinyoa ndevu kila asubuhi. Kulikuwa na Mama Mkasi, mkata vitambaa. Na kulikuwa na Mzee Sponji, ambaye kazi yake ilikuwa kukata sponji, kuibana kwenye fremu na kuvuta kitambaa juu yake mpaka kikae bila mkunjo hata mmoja. Sufuria ndiyo iliyokuwa ya tano, na tusidanganyane, ndiyo iliyoheshimiwa kuliko wote.

Saa nne ya asubuhi ikifika, mashine zilinyamaza. Mama Mkasi aliinjika chai ya maziwa kwenye jiko la gesi pembeni mwa marobota ya vitambaa, na sukari aliitia humohumo sufuriani, chai ikiwa inachemka. Kwake yeye chai ya kutiwa sukari kikombeni ilikuwa chai ya mkahawani, ya watu wasiojuana. Vikombe vilizungushwa, watu wakajibwaga juu ya sofa lolote ambalo halijavalishwa, na hapo ndipo soga ilipoanza: nani kafiwa, nani kagombana na mwenye nyumba, timu gani imetia aibu tena.

Sasa, kwa wengine hiyo ilikuwa chai tu. Kwa Mzee Sponji ilikuwa kila kitu. Mkewe alikuwa amefariki, na binti yake wa pekee alikuwa kaolewa mbali, akipiga simu Jumapili watoto wakilia nyuma yake. Nyumbani mzee alikula akiwa amesimama jikoni, kwa kuwa kuweka sahani moja mezani kulimchoma roho. Saa nne ndiyo saa pekee ya siku aliyotia kitu kinywani mbele ya binadamu wenzake.

Ndipo akapatikana na kisukari. Alikuwa amekonda, kiu haimwishi, safari za chooni hazimwishi, mpaka Msimamizi akamfukuza kwa maneno makali aende zahanati. Nesi alimpima, akampa dawa, akamwambia kwa upole kwamba ile chai tamu aiage.

Wenzake walimhurumia, na huruma yao ndiyo iliyomponza. Mama Mkasi aliapa kwamba hatamuua mtu kwa mkono wake mwenyewe. Mzee alimwomba, kwa mzaha, amchotee kikombe kabla ya kutia sukari, naye akamjibu kwamba chai isiyo na sukari haiivi, na mjadala ukafungwa. Akamnunulia chupa ndogo ya chai ili aje na yake kutoka nyumbani. Mzee alijitahidi. Lakini kila alipokaa nao na kichupa chake, mazungumzo yalipooza. Watu walificha vikombe vyao kama wanaokula mbele ya mtu aliyefunga. Basi akawaondolea adha, akaanza kutoka nje.

Alikaa kwenye kizingiti cha mlango, na badala ya chai akanunua dukani soda isiyo na sukari, ile yenye sifuri kubwa kwenye kopo. Siku za mwanzo walimwita aingie. Baadaye wakazoea. Siku moja mteja alimuuliza Mama Mkasi mjukuu wake anaendeleaje, na Mzee Sponji akabaki ameduwaa, kwani hakujua hata kama binti wa Mama Mkasi alikuwa na mimba. Habari ile ilikuwa imeshasimuliwa kwenye chai ya saa nne, zamani, yeye akiwa nje na kopo lake. Jioni hiyo alitembea kwenda nyumbani akijiona kama mtu aliyekufa bila kuambiwa.

Soda yenyewe iliwagawa. Msimamizi alisema ile ndiyo afya yenyewe, sifuri ni sifuri, angekunywa hata ndoo nzima. Mama Mkasi alisema kitu kitamu kisicho na sukari ni uongo, na mwili haupendi kudanganywa. Bwana Harusi ndiye aliyekuja na balaa kubwa zaidi. Alikuwa amesikia, hakukumbuka kwa nani, kwamba utamu ule wa kutengenezwa unamaliza nguvu za wanaume, na yeye, kwa hali yake ya sasa, hakuwa tayari kujaribu. Walimcheka mpaka akanuna. Vicheko hivyo vilimfikia Mzee Sponji pale mlangoni, naye akacheka peke yake, kwa kuchelewa.

Binti yake aliposikia habari za soda alimtumia kichupa cha vidonge vya utamu, vidogo kama vifungo vya shati la mtoto. Kidonge kimoja, alisema, ni sawa na kijiko cha sukari. Mzee akavipeleka kwa nesi. Nesi alieleza mambo mengi: kwamba kwa watu wengi, kwa kiasi, havina shida, kwamba kwake ni afadhali kuliko sukari, lakini si dawa na havitibu chochote, kwamba soda zile nazo asizigeuze maji, na kwamba kilicho bora ni ulimi wenyewe uzoee kupungukiwa na utamu, pole pole. Mzee aliitikia kila neno. Lakini mwenye njaa ya kitu husikia anachotaka, na yeye alitoka pale na neno moja tu: havina shida. Kama havina shida kwake, vitakuwa na shida gani kwa wengine? Sufuria nzima ikitiwa vidonge, wote watakunywa chai moja, naye atarudi kukaa katikati.

Angeweza kuwaambia. Mimi pia ningemshauri hivyo. Lakini mtu mzima kuomba ruhusa ya kukaa na watu si jambo jepesi, na alikuwa amekwisha kuona Bwana Harusi anavyokitazama kile kichupa.

Nafasi ilipatikana asubuhi moja Mama Mkasi alipoelemewa na kazi ya viti vya ukumbi. Mzee akajitolea kupika. Mama Mkasi alikubali shingo upande, akamwagiza aiache chai ichemke sawasawa, ipande na kushuka. Mzee akafanya kama alivyoagizwa. Alitia vidonge kwanza, pamoja na maji na majani, akaongeza maziwa, akaacha ipande na kushuka, ipande na kushuka, akikoroga huku moyo unamdunda kama mchumba anayengoja jibu. Kumbe vidonge vya aina ile vilikuwa vya kutia kikombeni, chai ikishaepuliwa. Ukivichemsha kwa muda mrefu, utamu wake unakwenda zake.

Aligawa vikombe. Akakaa katikati ya sofa, Msimamizi kushoto, Bwana Harusi kulia, Mama Mkasi mbele yake juu ya robota. Bwana Harusi akaanza kusimulia jinsi mkwewe alivyomkuta anafua nguo za mkewe, na Mzee akamwekea mkono begani, akacheka pamoja nao, kwa wakati. Kwa muda ule mfupi alikuwa mzima kabisa.

Kisha wakanywa.

Bwana Harusi alikunja uso, akasema mzee kasahau sukari. Msimamizi akainuka kwenda kuitafuta, na pale penye jiko mkono wake ukagusa kichupa cha vidonge, hakina kitu, kifuniko wazi. Akakiinua juu ili wote wakione. Hakuuliza. Hakukuwa na haja.

"Umetutilia dawa zako?" Bwana Harusi akasema, akatema chai yote kwenye vumbi la mbao.

"Si dawa," Mzee akajibu. "Ni utamu tu."

"Utamu uko wapi?"

Na yeye alikuwa ameonja na kuona hakuna kitu. Alianza kueleza habari za nesi, za binti yake, za kiasi, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyozidi kuonekana mwenye hatia. Msimamizi alijaribu kulifanya jambo kuwa mzaha, akasema labda sasa wote watakonda. Mama Mkasi alikuwa bado ameshika kikombe chake kwa mikono miwili, hajakiweka chini wala hajakinywa.

"Miaka yote nimewapikia hapa," alisema. "Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza nimetia nini."

Alisema bila kupandisha sauti, na ndiyo maana iliuma. Mzee Sponji aliona haya mpaka masikio yakawaka moto.

"Nilitaka kunywa na nyinyi," akasema. "Basi. Sikuwa na nia nyingine."

Mama Mkasi alimwangalia kwa muda mrefu, na huruma ilimjia usoni, kila mtu aliiona. Lakini aliinuka, akaimwaga chai yote nje, akaisugua sufuria ndani na nje, akaifunga kwenye kipande cha kitambaa na kuondoka nayo jioni.

Kesho yake Mzee alifika mapema, akawaomba radhi mmoja mmoja, kiutu uzima. Walimsamehe, tena kwa moyo mweupe. Bwana Harusi alimkumbatia na kukiri kwamba hakuona mabadiliko yoyote. Mama Mkasi alimwambia yamekwisha, wala asilirudie tena. Wala haikuwa danganya toto, walikuwa wamesamehe kweli.

Ila saa nne ilipofika, mashine ziliponyamaza, Mama Mkasi alitoa kwenye mkoba wake chupa ndogo ya chai. Msimamizi naye alikuwa na yake. Bwana Harusi alikuwa na yake, aliyotengenezewa na mkewe. Hawakuwa wamepanga. Kila mtu, nyumbani kwake, alikuwa ameona ni salama zaidi hivyo. Wakanywa kila mmoja mahali pake pa kazi, Mama Mkasi akiwa na mita ya kupimia vitambaa shingoni, Bwana Harusi akiwa ameegemea fremu, Msimamizi mbele ya simu yake. Sofa lililokuwa halijavalishwa lilibaki tupu katikati ya chumba.

Ikawa hivyo kesho, na wiki iliyofuata. Hakuna aliyesema sufuria irudi, na hakuna aliyesema isirudi. Mzee Sponji sasa hakuwa na sababu ya kutoka nje, hapakuwa tena na duara la kuliondokea, kwa hiyo alikaa kwenye kiti chake cha kazi na kopo lake. Mtaa mzima ungeweza kusikia jinsi walivyokaa kimya. Akafikiri juu ya Mama Mkasi na mjukuu wake, ambaye sasa hata hao wengine hawakuwa na habari zake. Aliona amewafanya wote wawe kama yeye.

Siku moja Bwana Harusi, pengine kwa kuchoshwa na kimya kile, alimuuliza kutoka upande wa pili wa chumba.

"Mzee, hivi hiyo soda unaipendea nini?"

Mama Mkasi aliinua macho. Msimamizi aliacha simu.

"Wala siipendi," Mzee Sponji akajibu. "Nilikuwa nainunua ili nyinyi mkishika vikombe, na mimi niwe nimeshika kitu."

Mama Mkasi alifunga chupa yake, akachukua mkasi, na wakarudi kazini.