Mawese Ndani ya Tangi

Anatole, dereva wa jipu la wagonjwa, alizungusha ufunguo tena. Demareri, mota ya kuwashia, ikavuma, injini ikakohoa, kisha kimya. Ukungu wa Bibokoboko, kijiji cha milimani, ulikuwa bado umelala juu ya kapo, boneti la jipu. Kwenye kiti cha nyuma Chérie alikuwa amempakata mwanawe Dany, amemfunga ndani ya blanketi.

Dany alikuwa na miaka mitatu, na malaria ilikuwa imemnywa damu. Asubuhi hiyo Nadège, muuguzi wa kituo cha afya, alimfunua kope, akatazama viganja vyake vilivyopauka, akasikiliza pumzi yake ya harakaharaka. Akamgeukia Chérie. "Apate damu leo, kwa hospitali ya Baraka. Si kesho."

Damu yenyewe ilikuwepo. Ilikuwa inatembea ndani ya mwili wa Guy, kaka yake Chérie. Watu wa milimani wakimshusha mgonjwa wa kuongezewa damu, humshusha pamoja na ndugu wa kuitoa. Mwaka uliopita Guy alimtolea Dany, ikakubali. Chérie mwenyewe alikuwa mjamzito, tumbo limeshakuwa kubwa, asingeruhusiwa. Kilichokosekana ni gari tu, na gari lilikuwa hapa, limekufa.

"Batri iko muzima," Anatole alisema huku akifungua kapo. "Demareri inazunguka. Basi kuko kitu kimoya injini haipate: hewa ama mazutu."

"Mazutu iko?" Guy aliuliza.

"Nilijaza Baraka jana, papa. Nusu ya tangi iko mule."

Aliogopa kwamba mto aliovuka jana umeingiza maji. Akatoa chujio la hewa, kavu. Akalegeza mrija unaopeleka mazutu, yaani dizeli, kwenye injini, akamwambia Guy azungushe ufunguo. Halikutoka hata tone. Akabonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya filtri, chujio la mazutu. Ilikuwa ngumu, haikushuka. Basi akafungua filtri yenyewe, akabaki ameishika.

Kusita huko ndiko kulikomshusha Chérie garini, mtoto kifuani. Akachungulia. Ndani ya filtri kulikuwa na kitu kizito, cha rangi ya chungwa, kimeganda. Kila asubuhi, kabla ya kupika, alisogeza bidoni yake, dumu la jikoni, karibu na moto ili kitu hichohicho kiyeyuke.

"Anatole. Hii ni nini?"

"Mama Dany..."

"Mi najua ni nini. Nataka we useme."

"Ni mawese," Anatole alisema, macho chini. "Kule kwa ziwa mazutu ikipanda bei tunachanganyaka, sisi bashofera bote. Joto haiishe, motokari inakunywa, inatembea tu. Mi sijalalaka huku juu kwa baridi."

"Motokari ya bagonjwa, we umeifanya chungu ya kukaangia mandazi!"

Guy alikuwa ameshainua mkono. Chérie akaudaka hewani mkono wa kaka yake. "Yaya, utamupiga tukifika Baraka. Hapa iko anaendesha."

Wanawake wa jirani wakaleta sufuria za maji ya moto. Anatole akasafisha filtri, akairudisha, akaimwagia maji ya moto pamoja na mirija yote aliyoweza kuifikia. Ufunguo. Injini ikashika! Moshi mweupe ukajaa uani, mwanamke mmoja akapiga vigelegele, na kabla hajavimaliza injini ikazima. Tangi lote lilikuwa limeganda, na tangi la mazutu haliwekewi moto. Akajaribu tena. Sasa hata demareri ilikuwa inazunguka kwa uchovu.

"Basi, tipoyi," Guy alisema. Wanaume walikuwa wameshaleta miti miwili ya kufungia machela. Tipoyi mabegani mwa watu, kwa njia ile, ingefika jioni, mvua isiponyesha. Chérie alitazama pua za mtoto zikipanuka kwa kila pumzi. Dany hakuwa na jioni.

"Kuko njia moya tena," Anatole alisema. "Tusukume mpaka pale njia inaanguka. Itashuka yenyewe. Nitaiweka mu vitesi ya kwanza, injini itaizuia. Chini kuko joto, mawese itayeyuka."

"Na vitesi ikiruka?" Guy aliuliza. "Jana nilikuona unaishikilia na goti."

Anatole akafunga kapo.

"We unataka kutuua."

"Muntu mwenye anaogopa, abaki," Chérie alisema, akarudi kwenye kiti chake.

Guy akaokota gogo, akapanda kwenye ngazi ya mlangoni, mkono mmoja umeshika dirisha. Vitesi, gia ile, ikiruka, yeye angeruka pia na kulitupa gogo chini ya gurudumu.

Wakasukumwa. Jipu likainamisha pua, likaanza kushuka likiguna, mawe yakipasuka chini yake. Ilikwenda vizuri kwa kona kadhaa. Kisha pakasikika mlio wa chuma, mkono wa vitesi ukamtoka Anatole gotini, na gari likajiachia. Alikanyaga freni kwa miguu yote miwili. Matairi yakateleza kwenye tope. Chérie aliona ukingo wa njia na, nyuma yake, hakuna kitu.

Guy aliruka. Gogo lilinaswa na gurudumu la nyuma, likapinduka, ncha yake ikamchana muundi. Jipu likasimama upande, gurudumu moja likigusa majani ya ukingoni.

Guy aliketi chini akicheka kama mwendawazimu, na damu ikimiminika juu ya kiatu chake.

"Funga!" Chérie alipiga kelele. "Yaya, funga! Damu hiyo haiko yako!"

Alimpa Anatole mtoto, akavua kitenge chake cha juu, akamfunga kaka yake kwa nguvu mpaka akaguna. Hakumwambia pole. Wakaondoa gogo, wakaelekeza magurudumu njiani, wakarudi garini, Guy naye ndani safari hii, akishikilia mkono wa vitesi kwa mikono miwili.

Hewa ikabadilika. Kwanza Chérie alijikuta akimfungua mtoto blanketi, kisha jasho likamtoka mwenyewe. Mahali pa tambarare gari likaishiwa mwendo, Anatole akateremka, akashika mrija kwa kiganja, akabonyeza pampu. Ikashuka, laini. Akabonyeza na kubonyeza. Wakulima waliokuwa wakilima mihogo wakaja kusukuma. Vitesi ya pili, akaachia ambrayaji, pedali ya klachi. Jipu likaruka, likatikisika, likanguruma. Hakulizima tena mpaka mlango wa hospitali.

Fundi wa maabara alikuwa kijana mwenye miwani. Alimvuta Guy kope la chini, akaona wekundu wa kutosha, kisha akatazama kitenge kilichoroa muundini; aliyepoteza damu leo hatolewi nyingine.

"Kidonda hii ni ya lini, papa?"

"Ya jana."

"Ya jana, docta," Chérie alisema haraka.

Tone likaanguka sakafuni, jekundu, mbele ya viatu vya fundi. Alilitazama. Akamtazama Dany, mbavu zake zikizama na kuinuka.

"Jana ya kwenu iko inavuja bado," alisema, akavuta kiti. "Kaa, papa. Nyosha mukono."