Ujumbe wa Lutfa Niliokataa Kuufungua

Jumanne, tarehe 12 Septemba 2023, homa ya dengue ya binti yangu Jhumur ilishuka baada ya siku nne, nami nikafanya kosa ambalo ninaliandika kwa mkono wangu mwenyewe.

Lutfa ameolewa na mdogo wa mume wangu. Tunaishi ua mmoja hapa kijijini kwetu, wilayani Jhalokathi. Tulianza pamoja darasa la akina mama la kusoma na kuandika, lakini ni yeye aliyefungua kundi la simu la kijiji kuhusu dengue. Alimuuliza daktari wa kituo cha afya, akaandika majibu kwa maneno yetu, akamiminiwa alama za mioyo na shukrani. Mama mkwe alimsifu kila tulipokula. Wivu ulinichoma. Nikaacha kuufungua ujumbe wake wowote, ili zile alama mbili za buluu zisimwambie kwamba nimemsoma.

Asubuhi ile ya Jumanne alituma ujumbe mwingine. Niliupita. Nilimwogesha Jhumur, nikampikia wali na mchuzi mwepesi wa shingi, kambare wadogo wa kwetu, kama tunavyomlisha aliyetoka homani.

Lutfa akachungulia jikoni. "Dada, umesoma nilichotuma?"

"Wengine tuna kazi, Bi Daktari."

"Utanicheka baadaye. Mtoto analalamika tumbo?"

"Amekula kwa pupa tu. Nenda kahesabu mioyo yako."

Aliingia chumbani, akamshika Jhumur miguu. Ilikuwa baridi kama ya kuku aliyechinjwa. Papo hapo mtoto akatapika, na matapishi yalikuwa na damu.

"Dada, ita bajaji! Homa ikishuka ndipo hatari inapoanza! Ndicho nilichoandika, jamani!"

Hospitalini walimtundikia dripu. Kwa siku mbili sikujua kama ningerudi naye nyumbani. Niliketi sakafuni, nikaufungua ujumbe ule, nikausoma polepole, silabi kwa silabi. Kila dalili ya mwanangu ilikuwemo.

Jhumur amepona. Muuguzi alipompongeza Lutfa mbele yangu, nakiri, moyo uliniuma tena.

Hata hivyo nayanakili maneno yake, na jina lake nimelitaja: Lutfa anasema, homa ya dengue ikishuka, mgonjwa akaumwa tumbo, akatapika au akapoa miguu, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo. Nawe uliyesoma, mpelekee mwenzako ujumbe huu, na hasa yule ambaye hupendi kumsikia akisifiwa.