Kamati Inayoshiba Alhamisi

Maman Adolphine wa mtaa wa Kadutu alilea yatima sita. Kila Alhamisi kamati ya kanisa ilipanda kilima kuja kuwaombea, na kwa kuwa mgeni haondoki na njaa, bugali na dagaa sambaza za watoto ziliishia tumboni mwa kamati. Papa Polycarpe, mwenyekiti, alifungua hata vifungo vya koti lake la abacost kwa kushiba.

Adolphine akaona ni utovu wa adabu kutembelewa bila kurudisha. Jumapili, saa ya chakula, alibisha hodi nyumbani kwa Polycarpe, mtaani Muhumba, akiwa na watoto wote sita.

"Papa, tumekuya kukuombea."

Waliomba kifupi, wakala kirefu.

Alhamisi iliyofuata kamati ilileta gunia la unga, ikaomba imesimama mlangoni.

"Muingie mukule!"

"Leo tunafunga, maman!" alijibu Polycarpe, tayari yuko chini ya kilima.