Akina Mama wa Musonoi Bwawani

Noëlla Kapinga alikuwa na miaka mitatu tangu apewe idara ya michezo na burudani ya jiji la Kolwezi. Idara ilikuwa kubwa kwa jina. Mali yake ilikuwa viwanja viwili vya mpira, ukumbi mmoja ambamo kwaya zilifanya mazoezi na wasichana walijifunza kushona, na bwawa la kuogelea lililojengwa zamani kwa ajili ya wafanyakazi wa shaba. Kazi yake ya kila siku ilikuwa kugawa saa: kwaya itoke lini, mabondia waingie lini, nani akate nyasi kabla ya mechi ya Jumapili. Watu walimsalimia njiani kwa malalamiko, naye alikuwa amezoea.

Mwezi wa pili, mvua zikiwa kali, alikwenda Musonoi kuandikisha wanawake wa darasa la kushona. Musonoi iko ukingoni mwa mashimo ya migodi, na wanawake wengi wa pale husafisha mawe. Wachimbaji huyatoa chini ya ardhi, wao huyabeba hadi kwenye shimo la zamani lililojaa maji na kuyaosha kutwa nzima, udongo ukienda zake na madini yakibaki kwenye karai.

Siku hiyo Noëlla hakuandikisha mtu. Alikuta kilio. Msichana wa miaka ishirini na miwili, aliyeitwa Tatiana, alikuwa amezama siku mbili kabla. Kando ya shimo lile maji hufika magotini, halafu ukisogea hatua moja zaidi hakuna chini tena. Tatiana alikuwa amelifuata karai lake lililoanza kuelea.

Noëlla aliketi mkekani pamoja na wengine. Mama wa marehemu, Mama Mushiya, alikuwa ameacha kulia. Aliangalia viganja vyake tu. Jirani mmoja alimnong'oneza Noëlla kwamba walikuwa kazini pamoja siku ile, mama na binti, hatua kama ishirini kati yao, na mama alikuwa amempa binti mgongo.

Alipoondoka, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole alimsindikiza hadi kwenye pikipiki. Huyo alikuwa Mama Mbelu, ambaye wasafishaji wote walimhesabu kuwa mkubwa wao.

"Madame, kushona ni kintu ya muzuri," alisema. "Lakini siye tunashinda mu mayi kila siku, na hakuna hata mumoja anajua kuogelea."

Noëlla alipanda pikipiki. Njia nzima, vumbi limekuwa tope, alifikiria jambo moja. Alikuwa na bwawa, na asubuhi za siku za kazi bwawa lile halikuwa na mtu.

Ruhusa ya jiji ya kuwafungulia bwawa ilichukua miezi. Ilipopatikana ulikuwa mwezi wa tisa, joto limepanda, na mvua hazikuwa mbali. Mvua zikianza, mashimo hujaa. Noëlla akapanga Jumanne na Ijumaa, saa kumi na mbili hadi saa mbili asubuhi, na kumwomba Gael Nkulu, mwalimu wa kuogelea wa jiji, afundishe.

Wanawake kumi na wanne walifika siku ya kwanza, wamebanana kwenye pikipiki watatu watatu. Walikuwa wamevaa kaptula za waume zao na fulana ndefu, na walipoona bwawa limezungukwa na uzio wa waya tu, walisimama. Tayari madereva wawili walikuwa wameegesha ili watazame. Noëlla alikwenda stoo, akarudi na vitenge vilivyotumika kupamba ukumbi siku za sikukuu, akavifunga kwenye waya kimoja baada ya kingine mpaka barabara ikapotea. Ndipo wakaingia.

Mama Mbelu alisimama mlangoni mwa bafu na sabuni na burashi. Hakuna aliyepita na vumbi la mawe mwilini, hata chini ya kucha. Aliyefikiri amemaliza, alirudishwa.

Walijifunza polepole, kwa vicheko na kwa woga. Gael aliwafundisha kwanza kulala chali juu ya maji, kwa sababu, alisema, anayejua kuelea ana muda wa kusubiri msaada. Mmoja tu hakuingia. Mama Mushiya alikuja kila siku, akaoga bafuni kama wenzake, akavaa, kisha akaketi kwenye ukingo wa saruji mpaka somo likaisha.

"Mama, maji hayatakudhuru hapa," Noëlla alimwambia wiki ya pili.

"Najua, madame. Mi naangalia tu."

Wiki hiyo hiyo barua ilifika. Komite ya wanachama wa bwawa iliandika kwamba wanawake wa machimbo walikuwa wakichafua maji ambamo watoto wa wanachama waliogelea, na kwamba mambo yakiendelea hivyo wanachama watarudisha kadi zao na kuacha kulipa ada. Chini kulikuwa na sahihi ya mwenyekiti. Noëlla aliitambua kabla ya kulisoma jina, maana sahihi hiyo ilikuwa kwenye ripoti zake zote za shule. Mwenyekiti alikuwa Tata Philippe Kabongo, baba yake.

Tata Philippe alizaliwa Kolwezi, lakini baba yake aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi mgodini. Yeye mwenyewe alikuwa fundi umeme miaka thelathini, na Jumapili alikuwa mlinzi wa waogeleaji. Pampu ilipokufa na bwawa likabaki limejaa majani, yeye na marafiki wawili walilifagia kila mwezi kwa miaka tisa, na kuzuia watu wasing'oe vigae, mpaka jiji likalifungua tena. Kila mtu mjini alilijua hilo, Noëlla kuliko wote.

Alikwenda kumwona nyumbani mchana. Alimkuta uani akinoa panga.

"Papa, ungeniita. Barua ya nini kati yetu?"

"Barua ni ya komite, haiko ya nyumba." Hakuinua kichwa. "Noëlla, siwachukii bale bamama. Lakini batu banatoa mawe mu shimo, ile mavumbi ina sumu. Banakuja nayo mu mayi yetu. Mi ndiye nililinda ile pisini, bwawa yetu, wakati hakuna mutu aliitaka."

"Wanaoga kwanza."

"Unasema wanaoga."

"Njoo uone."

"Kuona haitoshi. Uchafu wa mayi hauonekane na macho."

Hapo Noëlla alikubaliana naye, na hasira yake ikapungua. Alimwambia: basi tupime. Fundi wa maji, Kalumba, achukue chupa moja Ijumaa wanawake wakitoka, na chupa nyingine Jumapili wanachama wakitoka. Bwawa lisafishwe kwa namna ileile kabla ya siku zote mbili.

Tata Philippe aliweka panga chini. "Chupa nitajaza miye mwenyewe," alisema. "Ya Ijumaa na ya Jumapili. Kalumba atapima tu."

Ijumaa alifika mapema, kaptula yake ya ulinzi imepigwa pasi, kofia kichwani. Aliwasalimia akina mama kwa heshima lakini kwa mbali. Alisimama karibu na bafu akamtazama Mama Mbelu anavyowarudisha watu, na Noëlla akaona kwamba alishangaa kidogo. Kisha akazunguka bwawa, mikono nyuma, kama alivyozunguka Jumapili zote za utoto wa Noëlla, akawa anamsahihisha Gael mambo madogomadogo. Alipofika mahali alipoketi Mama Mushiya alisimama.

"Huyu mama mbona haingie?"

Noëlla alimwambia kwa sauti ya chini, kwa maneno machache. Baba yake akavua viatu, akaketi kwenye saruji kando ya Mama Mushiya, akatumbukiza miguu majini. Noëlla alibaki nyuma yao, hakuondoka wala hakusogea.

Mama Mushiya ndiye aliyeanza.

"Tata, banasema zamani ulikuwa unaokoa batu mu mayi."

"Ndiyo, mama. Wengine niliwafikia. Mumoja sikumufikia."

"Mutu akizama, anasikia nini?"

"Sitakudanganya. Mwanzo anaogopa sana. Lakini haikawii. Dakika moja, pengine haifike. Halafu anapotelewa na fahamu, kama mutu ya usingizi."

Mama Mushiya aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayepokea kitu kizito kwa mikono miwili. Majini Gael alikuwa akihesabu moja, mbili, tatu, na wanawake wakijilaza chali.

"Mi nilikuwa karibu naye," alisema. "Karibu kabisa. Nilikuwa naosha mawe yangu, naimba. Kama singeimba ningemusikia. Kila siku najiuliza aliniita mara ngapi."

"Hakukuita."

Mama Mushiya alimgeukia.

"Nisikie, mama. Watu wanafikiri anayezama analia, anapiga kelele. Hapana. Kinywa kiko chini ya mayi, pumzi hakuna. Mikono inasukuma mayi tu, haiwezi hata kukupungia. Ule mumoja ambaye sikumufikia alikuwa mita tano na mimi. Tano. Nilikuwa nazungumza na bwana yake, sikusikia kintu, na masikio yangu ilikuwa muzima. Hakuna sauti ya kusikia. Kuimba hakukufanya kitu. Hata ungenyamaza kama jiwe, haungesikia kitu."

Noëlla hakuwahi kuisikia habari hiyo. Katika maisha yake yote baba yake alihesabu waliookolewa tu. Alimwona sasa akitazama miguu yake ndani ya maji, shingo imeinama, mzee kuliko asubuhi ile alipofika.

Mama Mushiya alijifunika uso kwa mikono. Alilia kilio ambacho Musonoi haikukiona mwezi wa pili, na wanawake majini wakaacha kuelea, wakaja ukingoni wakamshika miguu. Hakuna aliyemwambia anyamaze. Tata Philippe alikaa palepale mpaka akatulia. Kisha akainuka kwa shida, akachukua chupa yake, akaijaza, akaandika tarehe juu yake na kuondoka bila kumuaga binti yake.

Jumanne iliyofuata Mama Mushiya aliingia majini. Alifika kifuani, akamshika Gael mikono yote miwili, akasimama hapo nusu saa.

Majibu ya Kalumba yalikuja katikati ya wiki. Maji ya Ijumaa yalikuwa na uchafu kidogo. Ya Jumapili yalikuwa na mwingi zaidi, karibu mara mbili. Kalumba alieleza kwa upole kwamba wanachama hutoka nyumbani na jasho na mafuta ya ngozi, na wengi hawapiti bafuni. Hakupata vumbi la madini, wala Ijumaa wala Jumapili.

Noëlla alikuwa amejiandaa kusoma karatasi hiyo mbele ya komite. Baba yake aliichukua mkononi mwake.

"Barua niliandika miye," alisema. "Na hii nitasoma miye."

Aliisoma yote, amesimama, bila kuruka mstari. Mwanachama mmoja alisema chupa zilibadilishwa. Tata Philippe alimjibu kwamba chupa alijaza yeye kwa mkono wake, na kama mtu anataka kumwita mwongo, aseme jina lake vizuri ili liandikwe kwenye ripoti. Mtu huyo akaketi. Lakini mambo hayakuisha kwa amani yote. Familia tano zilirudisha kadi wiki hiyo, nyingine zikanuna, na Noëlla aliitwa mara mbili ofisi za jiji kujieleza. Komite ilikubali mawili: kila anayeingia bwawani aoge kwanza, awe yeyote, na akina mama wa Musonoi wabaki na asubuhi zao.

Nyumbani Noëlla alimuuliza baba yake kwa nini hakuwahi kusimulia habari ya yule mtu wa mita tano.

"Ningekuambia lini?" alisema. "Ulikuwa mutoto, ulikuwa unapenda mayi." Akamwomba amsogezee chumvi, na waliendelea kula.

Mvua zilianza mwishoni mwa mwezi wa kumi. Kufikia hapo wanawake tisa kati ya kumi na wanne waliweza kuelea bila kushikwa, na wanne waliweza kuvuka bwawa kwa upana. Mama Mushiya hakuvuka. Alijifunza kulala chali na kusubiri, basi, na hakutaka zaidi.

Mwezi wa kumi na moja Noëlla alipanda tena pikipiki kwenda Musonoi, safari hii na orodha ya darasa la kushona. Aliwakuta wanawake kwenye shimo la maji, wameinama juu ya makarai yao kama kawaida. Kando yao madumu matupu ya manjano yalikuwa yamefungwa kwenye kamba ndefu, tayari kutupiwa anayezama. Juu kidogo, mahali pa kuona wote, alisimama mtu mmoja asiye na karai wala mfuko. Mama Mbelu alieleza kwamba walikuwa wameamua hivyo wenyewe: mmoja haoshi, anaangalia tu, na mawe yake wengine wanamwoshea.

Noëlla alipanda hadi pale.

"Jambo, Mama Mushiya."

"Jambo, madame." Mama Mushiya hakugeuka. Macho yake yalikwenda kutoka kichwa hadi kichwa, polepole, kisha yakaanza tena mwanzo. "Unisamehe, sitakuangalia. Niko ku kazi."

Noëlla alisimama kando yake, naye akatazama majini.