Siku Tisa kwa Ajili ya Gauni

Bibi alikuwa na tabia ya kumnunia Mungu. Watu wengine wakikosana na Muumba wao hulia, hufunga, huita wachungaji. Yeye aliigeuza Biblia ikatazama ukuta, akaketi kwenye cherehani na kushona kwa hasira. Kuna wakati alimnunia siku tisa nzima kwa sababu mvua ilinyeshea gauni la harusi la mteja, tena gauni la kukodi. Siku hizo hata chakula hakikuombewa. Siku ya kumi alikigeuza kitabu, akakipangusa vumbi la chaki ya kushonea na kumwambia mjukuu wake, "Haya, tule. Nimemsamehe."

Mjukuu alilelewa na bibi tangu ana miaka minne, akadhani kila nyumba ndivyo ilivyo. Siku moja aliuliza kama Mungu hakasiriki.

"Akasirike kwa lipi?" bibi alisema, pini zimejaa mdomoni. "Mtu humnunia wa kwake. Usiyemtaka humnunii, unampita tu kama nguzo ya umeme."

Sasa bibi ana miezi saba kaburini. Mjukuu ni mama mtu mzima, dobi wa hospitali, na wauguzi wanamwita Sabuni. Bibi alipougua, Sabuni aliomba kwa adabu miezi mitatu, bila kupaza sauti, akajibiwa kwa jeneza. Jioni ya mazishi aliigeuza Biblia ya bibi ikatazama ukuta. Iko hivyo mpaka leo.

Na bado, binadamu haeleweki, ndiye aliyeomba nafasi ya mfariji wa wagonjwa. Miaka kumi alikuwa akipeleka mashuka wodini na kukawia huko kuliko shuka linavyohitaji, maana wagonjwa walimshika mkono, naye hakuwa na moyo wa kuuchomoa. Kazi hiyo aliitaka kwa roho yake yote. Akiikosa, ni kurudi kwenye mashine za kufulia mpaka mgongo useme basi.

Walimhoji wawili: mchungaji wa hospitali, aliyekuwa anastaafu, na metroni.

"Uhusiano wako na Mungu ukoje?" mchungaji aliuliza.

Jibu zuri alikuwa nalo, kalifanyia mazoezi mbele ya kioo. Lakini bibi alimkataza kumsemea Mungu uongo, kwa kuwa mwenyewe yupo anasikia.

"Hatusemezani," alisema.

Kalamu ya mchungaji ilisimama. "Tangu lini?"

"Tangu mazishi ya bibi yangu."

Metroni alipatwa na kikohozi cha ghafla. Mchungaji akafunga faili, akasema sehemu ya pili itafanyika wodini. Kitanda cha mwisho kina mwalimu mstaafu ambaye ameshafukuza wahubiri watano, mmoja wao akatoka na uji kwenye tai. Aende akaombe naye dakika kumi.

"Wewe wa sita," mzee alisema alipomwona. "Anza, nikutoe."

"Siombi, babu. Mimi mwenyewe nimenuna."

Mzee akamtazama vizuri. Sabuni aliichukua Biblia ya wodi kwenye kikabati na kuigeuza ikatazama ukuta. Mlangoni, alikosimama na metroni kutazama, mchungaji alivuta pumzi kama aliyekanyaga msumari.

"Bibi yangu alifanya hivi, ili Mungu ajue kuna neno," Sabuni alieleza. "Aliwahi kumnunia siku tisa kwa ajili ya gauni."

"Gauni?"

"Tena la kukodi."

Mzee alicheka mpaka chupa ya dripu ikatikisika. Kisha akanyamaza, na Sabuni akanyamaza naye. Walikaa hivyo, watu wawili wamenuna kwenye kitanda kimoja. Dakika kumi zikapita, zikapita ishirini. Mchungaji alitazama saa yake hadi akachoka nayo.

"Mgeuze," mzee alisema hatimaye. "Nina maneno naye. Si mazuri."

Sabuni alikigeuza kitabu. Mzee akaanza kumgombeza Mungu kama mwanafunzi mtoro. Alimuuliza alikuwa wapi, alikuwa anafanya nini, na nani alimtuma. Mchungaji alitaka kuingia, metroni akamshika mkono wa koti. Mzee aligomba hadi akafika kwenye binti yake aliyemzika mwaka jana, na hapo akaangua kilio. Alilia sana. Sabuni alimshika mkono, na safari hii hapakuwa na mashuka ya kumwita.

"Ile haikuwa sala," mchungaji alisema walipotoka.

"Wale watano walisali wenyewe," metroni alijibu. "Leo amesali mgonjwa."

Mchungaji alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Jumatatu, saa mbili asubuhi," alimwambia Sabuni. "Na ukinuna, tafadhali, usinune mbele ya askofu."

Nyumbani Sabuni hakuvua hata viatu. Aliishusha Biblia kutoka juu ya kabati, na chaki ya bibi, iliyokuwa bado kwenye jalada, ikamganda viganjani. Hakuifuta. Aliiweka mezani, akaketi mbele yake.

"Sijakusamehe," alisema. "Lakini kaa hapo, tuna mengi. Kwanza kabisa, mwambie bibi nimepata kazi."