Kofia ya Fundi Rimoti

Fundi Rimoti, kama wateja walivyozoea kumwita, alikuwa akitengeneza televisheni tangu zile nene za chogo, na kwa ubishi hakuwa na mpinzani. Daktari alipomwambia kuwa ugonjwa wa kusahau wa mkewe hauna dawa, alimshukuru kwa adabu, akarudi nyumbani, akafungua simu na kusoma habari za mwanga usioonekana kwa macho ambao, wengine walidai, huamsha ubongo uliochoka. Mwanga wenyewe ni ndugu wa ule wa rimoti. Nani angemzuia?

Alichukua helmeti ya pikipiki, akapanga vitaa mia moja na ishirini kwa ndani, akaunganisha nyaya na feni ndogo ya kupoza. Kwa kuwa jicho halioni kitu, kila asubuhi alielekeza kamera ya simu mle ndani. Vitaa vikionekana zambarau kwenye kioo, basi vinawaka. Kisha alimvalisha mkewe, dakika kumi na mbili, akiwa amekaa mbele ya cherehani yake.

"Baba, unajidanganya," binti yao, ambaye ni muuguzi, alimwambia. "Hata wataalamu bado wanabishana."

"Waache wabishane. Mimi nina mgonjwa."

Mkewe alikuwa fundi wa nguo, wa wale wanaomjua mtu kwa vipimo kabla ya jina. Ndiyo maana mzee hakuhangaika kumuuliza leo ni tarehe ngapi. Alimuuliza, "Suruali ya mumeo?" Kwa wiki saba mama wa watu alimkodolea macho tu.

Wiki ya nane akajibu, bila hata kufikiri: "Kiuno thelathini na sita, urefu arobaini na moja. Na mguu wa kushoto upunguze nusu inchi."

Fundi alilia kwa furaha, mzee mzima, wala hakuona haya. Akamvua helmeti, akapiga magoti mbele yake. "Mke wangu! Ni mimi!"

Mama alimtazama kwa upole, namna anavyotazamwa mteja msumbufu. "Hebu simama, baba." Akavuta tepu aliyozoea kuivaa shingoni, akamzungushia kiunoni, akasoma, akapima tena. Miezi ya kuosha, kulisha na kukesha ilikuwa imemmaliza yule mzee. Mkanda wake ulishatobolewa matundu mapya mawili.

"Thelathini na moja," alisema. "Wewe siye. Mume wangu ana mwili." Kisha akashusha sauti, kama anayemwonea huruma: "Ukimaliza kazi yako uende, fundi. Hapendi kukuta wanaume humu ndani."

Mbishi yule aliichungulia tepu mwenyewe. Vipimo vilikuwa sahihi, vyote, na hilo ndilo lililomkata maini.

Kesho yake alimvalisha helmeti kama kawaida, akasubiri dakika kumi na mbili, akamvua. Akamuuliza vipimo vya binti yao. Vya mumewe hakuuliza tena.